Mto Kongo haujawahi kuwa njia moja

Katika ramani za shule Mto Kongo huchorwa kwa mstari mmoja wa buluu. Unatoka nyanda za juu za kusini, unapanda kaskazini hadi kuivuka ikweta, unapinda magharibi, kisha unateremka kusini-magharibi na kuivuka ikweta mara ya pili kabla ya kuingia Atlantiki. Ni takriban kilomita 4,700, na kwa wingi wa maji hakuna mto duniani unaoupita isipokuwa Amazon. Mtu akiutazama mstari huo haikosi atajiuliza: ikiwa maji ya mashariki mwa Kongo, pamoja na ya Kigoma na sehemu ya Burundi, karibu yote yanakwenda kumwagika Atlantiki, imekuwaje watu wa Kindu, Kasongo na Kalemie wakazungumza lugha ya pwani ya bahari nyingine? Jibu tulilozoea ni kwamba misafara ya Waswahili na Waarabu ilitangulia kufika. Ni jibu la kweli, ila linaanzia katikati ya hadithi. Wareno chini ya Diogo Cão walifika mlango wa mto huu mwaka 1482. Walikuwa na merikebu, walikuwa na hamu ya biashara, na mbele yao ulikuwa mto mpana kuliko wowote waliowahi kuuona. Hata hivyo, karibu karne nne baadaye, walioshika soko la Nyangwe, katikati ya mto huohuo, walikuwa wafanyabiashara waliotembea kwa miguu kutoka Bagamoyo. Sababu ya kutangulia huko imo ndani ya mto wenyewe, mahali pawili ambapo maji yanaporomoka.

Mkondo wake lazima ufuatwe polepole, kwa kuwa hata chanzo chake kina ubishi. Wanaopima kwa urefu huanzia mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia, si mbali na mpaka wa Tanzania. Chambeshi unapotelea katika vinamasi vya Bangweulu, unatoka kwa jina la Luapula, unakuwa mpaka wa Zambia na Kongo, unaingia Ziwa Mweru, kisha unatoka Pweto ukiitwa Luvua. Wanaopima kwa wingi wa maji huanzia Lualaba, ulioko Katanga, unaopita karibu na migodi ya Kolwezi na mabwawa ya Upemba. Mikono hiyo miwili inakutana Ankoro. Kaskazini kidogo unaingia Lukuga, unaoleta maji ya Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie. Kwa hiyo mvua inayonyesha Kasulu huingia Malagarasi, Malagarasi huingia ziwani, na kile kisichogeuka mvuke ziwani hutoka kwa Lukuga kwenda Lualaba. Mtanzania anayedhani Kongo ni mto wa watu wengine hana budi kukumbuka kwamba sehemu ya magharibi ya nchi yake imo ndani ya bonde hilo.

Mkanganyiko wa vyanzo hivyo si wa wanafunzi peke yao. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliamini kwamba Lualaba huenda ukawa Nile. Haikuwa dhana ya kijinga: mto mkubwa, unaokwenda kaskazini moja kwa moja, magharibi tu ya maziwa makuu. Alifariki mwaka 1873 karibu na vinamasi vya Bangweulu, akiwa bado anatafuta chimbuko la Nile ndani ya bonde la Kongo, na mwili wake ukabebwa na wasaidizi wake, akina Susi na Chuma, hadi Bagamoyo. Verney Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874, akakosa mitumbwi ya kumteremsha. Ilibidi Henry Morton Stanley aje na msafara mkubwa kutoka Zanzibar, apate ulinzi wa mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa sehemu ya njia, ndipo mto ufuatwe hadi mwisho. Alitokea Boma, karibu na mlango wa mto, Agosti 1877. Jambo hilo husimuliwa kama ushujaa wa mtu mmoja, ilhali uthibitisho wake kwa hoja yetu ni mwingine kabisa: mto wa Atlantiki ulifahamika kwa kuingiliwa kutoka upande wa Bahari ya Hindi, kwa miguu na mabega ya watu wa Unguja, Mrima na Unyamwezi.

Kizuizi cha kwanza kiko karibu na bahari. Meli kubwa inaweza kupanda kutoka Banana hadi Matadi, safari ya kilomita 150 hivi. Hapo basi. Kati ya Matadi na Kinshasa mto unashuka mita 270 hivi katika kilomita zisizozidi 350, ukipita msururu wa maporomoko yanayoitwa kwa jina la Livingstone, ambaye kwa kweli hakuwahi kuyaona. Kitu cha kushangaza ni kile kinachofuata juu yake. Kutoka Kinshasa kwenda Kisangani ni zaidi ya kilomita 1,700, na katika umbali wote huo mto unapanda takriban mita mia moja tu. Boti inaweza kwenda bila kukutana na ngazi hata moja ya maji. Maumbile yameweka barabara pana ya maji katikati ya bara, kisha yakafunga mlango wake wa baharini. Mwaka 1816 jeshi la maji la Uingereza lilimtuma James Hingston Tuckey kuufungua mlango huo. Yeye na watu wake kadhaa walikufa, na msafara haukufika mbali juu ya maporomoko ya Yellala. Baada yake ilipita miaka sitini bila mgeni yeyote wa Ulaya kujua mto ule unatoka wapi.

Kizuizi cha pili kiko ndani kabisa, nacho ndicho ambacho wasomaji wa Kiswahili wangepaswa kukijua zaidi. Kati ya Ubundu na Kisangani, mto unapoivuka ikweta mara ya kwanza, kuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotapakaa katika umbali wa kilomita mia moja hivi. Hayana urefu wa kutisha. Jumla yake ni mita sitini tu. Lakini yanatosha kuzuia kila chombo kinachotoka Kinshasa. Wavuvi Wagenia wa Kisangani hupandisha miti mikubwa katikati ya maji hayo yanayofoka na kuning'iniza madema yao, ufundi uliokuwapo kabla ya Stanley kupita na ungalipo. Juu ya Boyoma mto unaitwa Lualaba. Chini yake unaitwa Kongo. Na ukitembea leo na ramani ya lugha mkononi, utaona kwamba juu ya Boyoma lugha ya sokoni ni Kiswahili, chini yake ni Kilingala, na Kisangani penyewe zote mbili zinasikika, mara nyingi katika mazungumzo mamoja.

Haikutokea kwa bahati. Kilingala kilikua kutokana na Kibobangi, lugha ya wafanyabiashara wa mitumbwi kati ya eneo la Mbandaka na Pool Malebo, penye Kinshasa, na kikachukuliwa na askari, mawakala na wamisionari waliosafiri kwa meli za mvuke baada ya 1880. Meli hizo zilisafirishwa vipande vipande, zikabebwa na wapagazi kuyazunguka maporomoko ya chini, kisha zikaunganishwa upya Pool Malebo. Kutoka hapo zilikwenda popote maji yalipokuwa mapana na tulivu, na zilipofika Boyoma zikageuza. Upande wa pili wa maporomoko hayohayo misafara ilikuwa imekwisha kujenga Kasongo na Nyangwe, ikalima mpunga, ikajenga misikiti, ikaoa, na pia ikateka na kuuza watu kwa ukatili ambao hakuna haja ya kuupaka rangi. Pembe za ndovu zilitoka hapo kupitia Ujiji na Tabora hadi pwani. Kwa hiyo mifumo miwili ya biashara, mmoja wa mvuke na mmoja wa miguu, ilikutana mahali ambapo wa kwanza usingeweza kwenda mbele. Stanley alijenga kituo hapo mwaka 1883. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kwa kukosa uwezo wa kupavuka, akamteua Tippu Tip mwenyewe kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Vita vya 1892 hadi 1894 vikavunja nguvu za Waswahili na Waarabu wa Maniema, Nyangwe na Kasongo zikaanguka, pembe zikaanza kuteremshwa magharibi. Lugha haikuhama. Mshindi aliirithi na kuitumia kutawala.

Msomaji makini atapinga kwamba huu ni ukoloni wa jiografia, kwamba mawe hayasemi lugha. Atataja kwanza kwamba maporomoko hayakuwazuia watu wa Tippu Tip: Stanley aliwakuta wameshuka hadi eneo la mto Aruwimi, chini kabisa ya Boyoma, mwaka uleule wa 1883. Hilo ni kweli, na lina uzito. Mtumbwi hauhitaji bandari; ukikwama, watu wanaushusha, wanaubeba au wanachukua mwingine upande wa chini. Maporomoko huzuia kile kisichobebeka, yaani meli yenye bwela na shehena ya tani nyingi. Ndiyo maana waliotoka mashariki waliweza kuyavuka kwa muda, lakini dola iliyotoka magharibi, ambayo nguvu yake yote ilikuwa mvuke, ilisimama hapo kwa miaka kadhaa. Kuna hata mkasa unaoonekana kuivuruga hoja hii zaidi. Tippu Tip hakwenda kuushika ugavana wake kwa njia ya Tabora. Alipanda meli Zanzibar Februari 1887 pamoja na Stanley, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaingia kwa mlango wa Atlantiki. Je, si ushahidi kwamba mto ulikuwa njia? Ulikuwa, kwa kipande. Msafara ule ulitembea kwa miguu kutoka Matadi hadi Pool Malebo, ukapanda vyombo vya mvuke, na gavana akashushwa chini ya maporomoko aliyotakiwa kuyatawala. Miji yake na mashamba yake vilikuwa juu ya maporomoko hayo, ambako chombo kilichomleta hakikuweza kufika.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sidhani linaweza kujibiwa lote. Kiswahili cha Katanga hakikuletwa tu na misafara. Ni kweli Msiri alitoka Unyamwezi na kujenga dola yake huko katikati ya karne ya 19, lakini lugha ilienea sana baadaye, katika kambi za wachimba migodi wa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Huko ilikuwa ni uamuzi wa waajiri kuchagua lugha ya kazi, wala hakuna poromoko lililowalazimisha. Aidha, meli zilifika Kasai bila shida, na bado Kasai ikabaki na Kiluba chake. Basi nikubali mpaka wa hoja: mto hautoi lugha. Mto unatoa bei. Unaamua upande upi ni nafuu kufika na upande upi ni ghali, na watu, serikali na kampuni huchagua ndani ya bei hizo. Mara nyingine huchagua kinyume, kama Union Minière ilivyofanya kwa sababu zake. Katika Maniema na Kisangani, bei ndiyo iliyoshinda.

Uthibitisho mzuri kuliko wote ulitolewa na Wabelgiji wenyewe, waliotumia miongo miwili kujaribu kuufanya mto uwe njia moja. Reli ya Matadi hadi Kinshasa ilikamilika mwaka 1898, baada ya miaka minane ya ujenzi na vifo vingi vya wafanyakazi. Ya Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125 za kuizunguka Boyoma, ilikamilika mwaka 1906. Kwa kuwa kati ya Kindu na Kongolo nako mto umejaa mikondo mikali, pamoja na lile genge wanaloliita Milango ya Jehanamu, ikajengwa reli nyingine, iliyokwisha mwaka 1911. Fikiria sasa safari ya mzigo kutoka Bukama, Katanga, kwenda Ulaya kwa njia hiyo. Boti hadi Kongolo. Gari moshi hadi Kindu. Boti hadi Ubundu. Gari moshi hadi Kisangani. Boti hadi Kinshasa. Gari moshi hadi Matadi, na hapo ndipo meli. Mara sita mzigo unashushwa na kupakiwa, mara sita kuna kuli wa kulipwa, ghala la kukodi, karani wa kuhesabu na mwizi wa kuogopwa.

Waliojenga mnyororo huo walijua udhaifu wake, kwani hata kabla haujatulia walianza kutafuta mlango mwingine. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakamaliza yao kutoka Kabalo, kando ya Lualaba, hadi Kalemie kwenye ziwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, moja ya mambo ambayo Wabelgiji walidai Waingereza wayakubali ni sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Mkataba wa 1921 ukawapa maeneo hayo kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, nayo yakajulikana kama Belbase. Nchi inayomiliki karibu mto wote, kutoka Katanga hadi mlangoni, ilikuwa inakodi gati kwenye bahari nyingine. Kwa shaba, Wabelgiji walibuni pia ile iliyoitwa njia ya taifa: reli kutoka Katanga hadi Ilebo kwenye mto Kasai, iliyofunguliwa mwaka 1928, kisha boti hadi Kinshasa, kisha reli tena. Iliwekewa upendeleo wa kisiasa kwa miaka mingi. Hata hivyo mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganisha Katanga na bandari ya Lobito, Angola, na shaba ikapata njia ya magharibi isiyogusa mto hata kidogo. Baadaye, miaka ya 1970, reli ya Tazara ikafungua ya mashariki.

Wako wanaosema mambo haya ni ya zamani, na kwamba barabara na malori yameondoa nguvu ya maporomoko. Ningekubaliana nao kama barabara zingekuwapo. Ndani ya msitu wa Kongo mto bado ndio njia kuu, na reli zile fupi zilizokuwa zikiunga vipande vyake zimechakaa. Mzigo unaopanda kutoka Kinshasa hufika Kisangani baada ya wiki kadhaa juu ya matishari yaliyojaa watu, mifuko ya chumvi na samaki wakavu, na kuyapita maporomoko kwenda Kindu ni safari nyingine kabisa. Upande wa mashariki lori linaloacha bandari ya Mombasa au Dar es Salaam hukutana na mipaka, vizuizi na vita, lakini halishushi mzigo mara sita. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, baadhi ya wachambuzi walilitazama kama tukio la kidiplomasia lililotokea ghafla. Kwa wafanyabiashara wa Bukavu na Kalemie ilikuwa ni serikali kuandika kwenye karatasi kile ambacho wao walikuwa wakikifanya siku zote.

Kinshasa ina wasiwasi wake, na una msingi. Kutegemea milango ya mashariki ni kutegemea majirani, na kwa Kongo ujirani huo umegharimu damu. Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mapema mwaka 2025, hoja ya kuwa na bandari ya nchi yenyewe ilipata nguvu mpya. Bandari ya kina kirefu inajengwa Banana, katika pwani fupi ya kilomita arobaini hivi ambayo Kongo inayo, na ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2022. Ni jambo jema kwa Kinshasa, ambayo kwa miaka mingi imebanwa na ufinyu wa Matadi. Lakini Banana iko chini ya maporomoko yaleyale aliyokwama Tuckey, na reli ya kuiunganisha na Matadi bado haipo, ingawa daraja la Matadi, lililokamilika mwaka 1983, liliundwa tangu mwanzo liweze kuibeba. Hata reli hiyo ikijengwa kesho, Kindu itakuwa bado iko juu ya Boyoma. Bandari hiyo isiuzwe kwa watu wa mashariki kama ufunguo wa mlango wao.

Kuna kitu kimoja tu kilichowahi kutoka maporomoko ya magharibi hadi kusini-mashariki ya nchi bila kubadilishiwa chombo njiani. Inga, mahali ambapo mto unashuka takriban mita mia moja katika umbali mfupi, ina mitambo miwili ya umeme, ya 1972 na ya 1982, na wataalamu hukadiria kwamba eneo hilo likitumika kikamilifu linaweza kutoa megawati 40,000 hivi. Serikali ya Mobutu ilijenga laini ya umeme ya kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, ikipita juu ya mikoa ambayo vijiji vyake havikuunganishwa nayo. Ilijengwa kwa ajili ya migodi, na migodi ndiyo inayoutumia umeme huo hadi leo. Shaba inayochimbwa na kuyeyushwa kwa nguvu ya maporomoko hayo hupakiwa kwenye malori na mabehewa kwenda Dar es Salaam, Durban, Beira, Walvis Bay na Lobito.